Dia ya Fisi Maji: Tunavyomsoma Vibaya Sigurd, Muuaji wa Joka

Agosti ya mwaka huu wa 2026 inatimiza miaka 150 tangu Richard Wagner afungue jumba lake la opera mjini Bayreuth, Ujerumani, kwa opera nne zilizochezwa mfululizo kati ya tarehe 13 na 17 Agosti 1876. Ya tatu inaitwa Siegfried, na huyo Siegfried ndiye mtu ambaye Waskandinavia wa kale walimjua kwa jina la Sigurd, muuaji wa joka Fafnir. Kila kumbukumbu kama hii inapofika, mabishano juu ya shujaa huyu huanza upya, na siku hizi hayaishii Ulaya, kwa kuwa michezo ya kompyuta na filamu za Maviking zimewaleta Odin, Loki na majoka yao hadi kwenye simu za vijana wetu. Upande mmoja humsifu kijana asiyejua hofu, aliyeua joka, akatwaa hazina na kumwamsha binti aliyelala. Upande wa pili hujibu kwamba jina lake lilichafuliwa na wanasiasa wa Kijerumani waliolitumia kuchochea vita, basi afadhali aachwe alale makumbusho.

Pande hizi zinagombana, ila zimekubaliana jambo moja bila kujua: kwamba kiini cha kisa ni upanga kuingia kifuani mwa joka. Hapo ndipo zinapopotea zote mbili. Ukivisoma vyanzo vya kale vya Iceland utaona joka linakufa mapema, kwa pigo moja, na masimulizi yaliyotangulia na yanayofuata yanashughulika na kesi ya mali. Mali hiyo ilitolewa iwe dia ya mtu aliyeuawa, mlipaji aliipata kwa kumpora mwingine, na kila aliyeirithi aliirithi pamoja na deni lake. Nadai kwamba Sigurd aliheshimiwa kwa ujasiri wake, naam, lakini alikumbukwa kwa karne nyingi kwa sababu kisa chake kiliuliza swali lililowatesa watu wa kaskazini kila siku: damu ikilipwa kwa dhahabu ya dhuluma, je, imelipwa? Kiswahili bado kina neno dia, na wapo kati yetu waliokaa katika baraza za wazee wakasikia likitamkwa. Tuna mlango wa karibu wa kuingilia katika kisa hiki, na sioni kwa nini tuzunguke nyumba nzima tukitafuta mlango wa Bayreuth.

Kwa asiyekijua kisa, tuanze pale kinapoanzia chenyewe. Miungu watatu, Odin, Hœnir na Loki, walikuwa safarini wakafika kwenye maporomoko ya maji. Wakamkuta fisi maji ukingoni anakula samaki huku amefumba macho kwa utamu. Loki akamrushia jiwe, akamuua, wakamchuna. Jioni wakaomba malazi kwa mzee mmoja aitwaye Hreidmar, wakamwonyesha kwa fahari mawindo yao. Kumbe yule fisi maji alikuwa Otr, mwana wa Hreidmar, mwenye desturi ya kujigeuza mnyama ili avue. Mzee na wanawe wawili waliobaki, Fafnir na Regin, wakawafunga wageni na kudai dia: ngozi ya marehemu ijazwe dhahabu, kisha ifunikwe kwa dhahabu hadi usionekane hata unywele mmoja. Loki akatumwa kuitafuta. Akamvua kibeti Andvari, aliyekuwa akiishi majini kwa umbo la samaki, akamnyang'anya kila alichokuwa nacho, hata pete ya mwisho aliyojaribu kuificha. Andvari akailaani: itamuua kila atakayeimiliki. Ngozi ikajazwa, ikafunikwa, mzee akaikagua kwa makini, akaona unywele mmoja wa sharubu umechomoza. Odin akaitoa ile pete, akaufunika. Kwa hesabu ya sheria, dia ilikuwa imetimia.

Watoto wakamjia baba yao kudai fungu lao katika dia ya ndugu yao. Akakataa. Fafnir akamchoma upanga akiwa amelala, akajitwalia dhahabu yote, na Regin alipodai mirathi alifukuzwa kwa vitisho. Fafnir akaipeleka dhahabu nyikani, mahali paitwapo Gnitaheidr, akajilaza juu yake, akawa joka. Regin akaenda kuwa mhunzi katika nyumba ya mfalme Hjalprek, na huko akamlea yatima wa mfalme Sigmund aliyekufa vitani. Yatima huyo ndiye Sigurd. Mambo yote haya yametukia kabla kijana hajashika upanga wowote. Mimi mwenyewe nilipokisoma kisa mara ya kwanza nilizipita kurasa hizo mbiombio, kwa hamu ya kulifikia joka, na ilinichukua miaka kurudi nyuma na kugundua kwamba niliyoiruka ndiyo kesi yenyewe.

Tutulie kidogo kwenye neno joka, maana hapa lugha yetu inatufaa kuliko picha za filamu. Katika Kiskandinavia cha kale Fafnir huitwa ormr, yaani nyoka. Hana mabawa wala hatemi moto. Anatambaa kutoka pangoni kwenda kunywa maji, ardhi inatetemeka, na mbele yake anamwaga sumu. Joka la Kiswahili cha asili, nyoka aliyepita kiasi, linamfaa kabisa. Ila jambo zito zaidi ni kwamba Fafnir alikuwa mtu, na hajaacha kuwa mtu. Anasema, anakumbuka, anajua jina la baba yake na la ndugu yake. Masimulizi hayasemi kwamba alirogwa. Alilalia mali ya watu muda mrefu, akafanana na kazi yake. Anayesimulia kwamba Sigurd aliua mnyama mkali amesimulia hadithi nyingine. Katika hii ya kale aliua mrithi aliyemuua baba yake, kwa kuchochewa na mrithi mwenzake aliyenyimwa fungu.

Na aliuaje? Regin alimfulia upanga kutokana na vipande vya upanga wa marehemu baba yake, ukaitwa Gram, na ulipojaribiwa ulipasua fuawe hadi chini. Kisha mlezi akamfundisha: chimba shimo katika njia ya joka, ukae ndani, likipita umchome kutoka chini. Sigurd akauliza swali ambalo msomaji wa leo halitegemei kwa shujaa: damu yake ikinifurikia humo shimoni itakuwaje? Regin akamkejeli kwamba hashauriki mtu anayeogopa kila kitu, na kwamba hafanani na ukoo wake kwa ujasiri. Halafu huyo huyo Regin akakimbia kwa hofu. Mzee mmoja mwenye ndevu ndefu, ambaye ni Odin, akamtokea kijana na kumwambia achimbe mashimo mengi ili damu ipate pa kupita. Kwa hiyo Sigurd wa saga, yaani masimulizi ya nathari ya Iceland ya kale, anaogopa, anauliza, anashaurika, na kuuliza kwake ndiko kunakomwokoa. Kijana asiyejua hofu ametungwa na Wagner, aliyeunganisha kisa cha kale na hadithi ya watoto ya Kijerumani juu ya mvulana aliyetoka nyumbani kwenda kujifunza kuogopa. Ana haki yake ya kutunga. Kosa ni letu tunapoirudisha sifa hiyo nyuma miaka mia sita na kumvisha mtu ambaye haikuwa yake.

Baada ya pigo linakuja fungu ambalo kwangu ndilo moyo wa kisa, na karibu kila filamu inaliacha. Joka linakufa polepole na linataka kuzungumza. Linamuuliza muuaji wake jina, naye analificha, kwa kuwa waliamini laana ya mtu anayekata roho ina nguvu kama inamjua anayelaaniwa. Mwisho anajitaja. Fafnir anamwonya mara mbili: Regin aliyeniuza mimi atakuuza na wewe, na dhahabu hii nyekundu itakuua. Hamtishi ili aponyoke, maana anajua anakufa. Anamwambia kama mtu aliyetangulia njia hiyo. Jibu la Sigurd katika saga ni kwamba angerudi nyumbani na kuiacha hazina yote kama angejua kwamba hatakufa kamwe, lakini kila mwanamume hutaka kuwa na mali hadi siku yake ile moja. Ni jibu la kijasiri na lina mantiki. Ndilo pia jibu la Hreidmar alipoificha dia, ndilo la Fafnir alipolala juu yake. Kijana ameelezwa asili ya mali, ameambiwa na mwenye mali inakompeleka, na ameichukua kwa macho mawili yaliyo wazi. Sijui andiko jingine la zama hizo linalomweka shujaa wake mbele ya uamuzi wake kwa utulivu wa namna hii.

Kesi haikuishia hapo. Regin akatoka alikojificha, akamwambia Sigurd: umemuua ndugu yangu, ingawa mimi sina usafi katika jambo hili. Snorri Sturluson, malenga na mwanasheria wa Iceland aliyeandika Edda, kitabu chake cha visa na ushairi, mnamo 1220, anaeleza kwamba Regin alimpa Sigurd sharti la suluhu: atoe moyo wa Fafnir, auchome motoni, ampelekee aule. Yaani hata ule moyo uliobanikwa, ambao wachoraji huupenda kwa uajabu wake, ni malipo ya damu. Sigurd akaugusa kuona kama umeiva, akaungua kidole, akakitia mdomoni, na mara akaelewa ndege wadogo mtini wanasema nini. Walikuwa wanasema Regin amepanga kumuua. Akamkata kichwa. Sasa wana wote watatu wa Hreidmar wamekwisha, na dhahabu ya dia imo mikononi mwa kijana asiyehusika kwa damu na kesi hiyo hata chembe. Akampakia farasi wake Grani, na farasi akagoma kuondoka mpaka mwenyewe alipompanda.

Yaliyofuata nayapita kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo, ila kwa kuwa yanajulikana zaidi. Sigurd alimwamsha Brynhild, yule binti aliyelala, wakaahidiana. Alipofika kwa wana wa mfalme Gjuki, mama yao Grimhild alimnywesha kinywaji cha kusahau, naye Sigurd akamwoa Gudrun, binti ya Grimhild, na kuchanjiana udugu na kaka zake, Gunnar na Högni. Kisha akajigeuza umbo la Gunnar, akapita kwenye moto, akamposea shemeji yake Brynhild yule yule. Siri ilitoboka siku wake hao wawili walipogombana mtoni, na Gudrun akatoa ushahidi: pete ya Andvari, kidoleni mwake. Gunnar na Högni walikuwa wamefungwa na kiapo cha kuchanjiana, hivyo wakamtafuta Guttorm, mdogo wao asiyefungwa na kiapo chochote, wakamchochea kwa dhahabu na cheo, naye akamchoma Sigurd kitandani. Dhahabu ikawafikia wana wa Gjuki, ikawaua kwa mkono wa mfalme Atli, na kabla ya kufa Gunnar alikuwa ameitupa katika mto Rhine. Ilitoka majini kwa kuporwa, ikarudi majini bila mwenyewe.

Sasa ushahidi, kwa sababu mtu anaweza kusema nimechagua fungu ninalolipenda. Wa kwanza ni namna Snorri anavyokileta kisa. Hakianzishi kwa kuuliza nani aliua joka. Anawafundisha malenga wachanga jazanda za ushairi, na swali lake ni hili: kwa nini dhahabu huitwa dia ya fisi maji? Kwa kulijibu swali hilo anasimulia yote, kutoka jiwe la Loki hadi kufa kwa wana wa Gjuki. Kwa malenga huyo, kichwa cha habari kilikuwa dia. Na malenga wenzake waliiita dhahabu pia kitanda cha Fafnir na mzigo wa Grani. Ukiwa umezoea kuitaja dhahabu kwa maneno kama haya kila unapomsifu mfalme aliyekugawia bangili, basi kila sifa imebeba kumbukumbu ya mahali mali inapoweza kutoka.

Wa pili ni sheria. Iceland ya zama hizo haikuwa na mfalme wala askari wa kumkamata muuaji. Amani ilitegemea ukoo mmoja kulipa na ukoo wa pili kupokea. Katika mkusanyo wa sheria zao uitwao Grágás mna sura nzima iitwayo Baugatal, maana yake hesabu ya pete, inayopanga ndugu yupi atoe kiasi gani na yupi apokee, kuanzia pete kubwa ya marki 3 (marki ni kipimo chao cha uzito wa fedha) kwa baba, mwana na kaka wa marehemu hadi vipande vidogo vya jamaa wa mbali. Msikilizaji aliyelelewa katika sheria hiyo, akisikia kwamba dia ya Otr ilipungua kwa unywele mmoja na ikakamilishwa kwa pete, hasikii uchawi. Anasikia utaratibu anaoujua, umefuatwa hadi tone la mwisho, na bado umeharibika, kwa sababu mlipaji alilipa kwa mali isiyo yake na mpokeaji akawanyima waliostahili mgawo. Hofu ya jamii nzima imo humo: kwamba mfumo unaowazuia wasichinjane unaweza kukamilika kwa karatasi na ukaoza kwa ndani. Nasema karatasi kwa lugha yetu. Wao walikuwa na mashahidi na pete.

Wa tatu ni mbao na mawe. Mlango wa kanisa la mbao la Hylestad, bonde la Setesdal nchini Norway, ulichongwa karibu mwaka 1200 na sasa umehifadhiwa Oslo. Una picha saba. Upanga unafuliwa, upanga unajaribiwa, joka linauawa, moyo unabanikwa, Regin anauawa, Grani anabeba hazina, na ya mwisho kabisa ni Gunnar amefungwa mikono katika shimo la nyoka, anapiga kinubi kwa vidole vya miguu. Joka limepewa picha moja kati ya saba. Mchongaji hakumaliza kwa ushindi. Alimaliza kwa mtu anayekufa kati ya nyoka kwa ajili ya hazina iliyotoka kwa nyoka. Na huo ulikuwa mlango wa kanisa, waumini waliupita wakienda ibadani.

Hoja za upande wa pili zipo, na zipo zenye uzito. Nzito kuliko zote ni lakabu yake mwenyewe. Watu wa kaskazini walimwita Fáfnisbani, muuaji wa Fafnir, na watawala walitafuta nasaba ya kuwafikisha kwake kupitia Aslaug, anayesemwa kuwa binti yake na mke wa Ragnar Lodbrok, shujaa wa Maviking. Hakuna anayejitafutia babu wa aibu. Nakubali kwamba kwao kuua joka kulikuwa fahari, na sitaki kumgeuza Sigurd mfano wa mtu mbaya. Saga inamwita bora wa wafalme wote wa vita, nami sina sababu ya kuipinga. Ninachosema ni kwamba fahari hiyo haikutumiwa kuficha hesabu. Walimpenda, wakaeleza kwa mapana alivyokufa na kwa nini, na kifo chake kitandani, kwa mkono wa shemeji aliyetumwa, kina nafasi kubwa zaidi katika mashairi kuliko pigo la shimoni.

Hoja ya pili ni ya majaaliwa: kwamba kwa watu hao kila kitu kilikwisha kuandikwa, hivyo kutafuta kosa na deni ni kuwavisha fikra zetu. Lipo shairi ambamo Gripir, mjomba wake, anamtabiria Sigurd maisha yake yote hatua kwa hatua, hata kuuawa kwake, kabla hajaanza safari. Ni hoja nzuri, lakini wahusika wenyewe hawaikubali kama kinga. Sigurd akishauawa, ugomvi mkubwa unaozuka ni juu ya nani alivunja kiapo. Gunnar alidai Sigurd alimsaliti. Baada ya mauaji, Brynhild anafichua kwamba Sigurd alikiweka kiapo chake, akalaza upanga kati yao usiku ule, na wavunja kiapo ni Gunnar na nduguze. Watu walioamini kwamba majaaliwa yanafuta lawama wasingepoteza beti kwa hesabu kama hiyo. Inaumiza kwamba sehemu ya mazungumzo hayo hatunayo: hati kuu ya mashairi haya, Codex Regius ya karne ya 13, imepoteza karatasi nane, na zilizopotea ni za mkasa wa Sigurd na Brynhild. Hati hiyo ilipelekwa kwa mfalme wa Denmark mwaka 1662 na ikarudishwa Reykjavik kwa meli tarehe 21 Aprili 1971, watu wakiwa wamejaa bandarini kuipokea. Tunaijaza pengo kwa saga ya nathari, inayosimulia yale yale kwa maneno mengine.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi, kwamba Sigurd ni sura ya taifa la kaskazini, nguvu safi iliyoangushwa kwa hila tu. Wapo waliomtafutia hata mwili wa kihistoria, wakisema ni Arminius aliyeyaangamiza majeshi ya Roma katika msitu wa Teutoburg mwaka 9, na joka ni safu ya askari wa Kirumi. Majina ya kihistoria yanayotambulika kweli katika kisa ni mengine: Gunnar anatokana na Gundahar, mfalme wa Waburgundi aliyeangamizwa karibu mwaka 437, na Atli ni Attila, mfalme wa Wahuni, aliyefariki 453. Roma haimo. Lakini siasa haikungoja ushahidi. Mwaka 1909 Kansela Bülow aliuita uaminifu wa Ujerumani kwa Austria uaminifu wa Wanibelungi, jina la Kijerumani la Gunnar na nduguze. Mwaka 1920 Jemadari Hindenburg aliandika kwamba jeshi la Ujerumani lilianguka kama Siegfried chini ya mkuki wa hila wa Hagen, muuaji wake katika toleo la Kijerumani. Na tarehe 30 Januari 1943 Göring, waziri wa Hitler, aliwafananisha wanajeshi waliokuwa wakiteketea Stalingrad na Wanibelungi waliopigana ndani ya ukumbi unaowaka. Wote watatu walichukua toleo la Kijerumani, utenzi wa mnamo 1200 uitwao Nibelungenlied, na wote walilikata katikati. Katika utenzi huo Siegfried amechomwa mgongoni, kweli. Lakini kabla ya hapo alivaa joho la kumfanya asionekane, akamsaidia Gunther (ndiye Gunnar) kumdanganya na kumshinda Brünhild, akachukua pete na mshipi wake, akampa mkewe Kriemhild. Mkuki ulitoka katika uongo alioushiriki mwenyewe. Wala ukumbi haukuwaka kwa sababu ya uaminifu. Uliwaka kwa sababu ya mauaji yasiyolipwa na hazina iliyofichwa. Aliyetaka kulifariji taifa lililoshindwa kwa kisa hiki alilipa somo kinyume cha lililoandikwa.

Kwa hiyo wanaotaka Sigurd aachwe kwa sababu ya uchafu huo nawaelewa, hasa panapohusika Wagner, ambaye mwaka 1850 aliandika kijitabu cha chuki dhidi ya Wayahudi, na wachambuzi wengi wanaiona chuki hiyo katika namna alivyomchora Mime, mlezi wa Siegfried. Hilo halifutiki kwa uzuri wa muziki. Ila kumwacha Sigurd ni kukubali kwamba walioupotosha utenzi waliusoma sawasawa. Hata Wagner mwenyewe, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1848 na kujiingiza katika maasi ya Dresden Mei 1849, hakuipoteza kesi ya mali. Katika opera zake, mungu mkuu anajengewa ngome na majitu wawili, anashindwa kuwalipa, anawalipa kwa dhahabu iliyoporwa pamoja na pete iliyolaaniwa, na jitu moja linamuua nduguye papo hapo. Huyo muuaji ni Fafner, na ndiye anayekuwa joka. Fisi maji ametoka, ujira wa fundi umeingia, lakini hesabu ni ile ile. Wasikilizaji wengi wa karne na nusu wameondoka ukumbini na upanga tu.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki upo mfano wa nyumbani unaosaidia, na pia unaoweza kupoteza. Fumo Liyongo hapenyeki kwa silaha yoyote isipokuwa kitu cha shaba kitovuni. Anauawa usingizini na mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa na mfalme binti wa kuoa. Siegfried wa Kijerumani, mwenye ngozi ngumu baada ya kuoga damu ya joka na doa moja laini mabegani lilipodondokea jani, anafanana naye mno. Sigurd wa Iceland hana doa wala ngozi ya ajabu. Anafanana na Liyongo mahali pengine, pale muuaji anapotoka ndani ya nyumba na bei yake inajulikana. Tunapowalinganisha, tulinganishe hapo. Katika Utenzi wa Liyongo pia mshairi anashughulika sana na yule mtoto: aliambiwa nini, aliahidiwa nini, alipata nini.

Kisa kikisomwa hivi, mambo kadhaa yanabadilika. Mwalimu au mtengenezaji wa filamu anayeanza na joka ameanza katikati, kama hakimu anayesikiliza kesi ya mirathi kuanzia siku ya tatu. Swali la nani shujaa linasogea pembeni, likaja la mali imetoka kwa nani na nani hakupewa. Na kumwondoa anayelalia hazina, ambako katika siasa za nchi yoyote huwa kunashangiliwa barabarani, kunaonekana kuwa ni tukio la katikati: dhahabu bado ipo, mwenye nayo wa kwanza bado hajarudishiwa, na farasi anangoja apandwe. Sigurd hakuwa mwovu kuliko waliomtangulia. Alikuwa bora kuliko wote, na ubora wake haukuigusa asili ya mzigo alioupakia.

Nchini Sweden, karibu na mji wa Eskilstuna, upo mwamba wa Ramsund uliochongwa karibu mwaka 1030. Picha zimo zote: Grani amefungwa kwenye mti wenye ndege, Regin hana kichwa na vyombo vyake vya uhunzi vimemzunguka, Sigurd ana kidole mdomoni, na pembeni yupo fisi maji. Aliyeagiza kazi hiyo ni mwanamke, Sigrid binti Orm. Alikuwa amejenga daraja kwa ajili ya roho ya mumewe Holmgeir, na akataka ijulikane. Maandishi yake ya runi, herufi za kale za kaskazini, yanapita ndani ya mwili wa nyoka, kuanzia kichwa hadi mkia, majina ya mume, ya mwana, ya baba, na habari ya daraja lililojengwa ili watu wavuke. Sigurd yuko chini ya maandishi hayo, amepiga magoti, upanga umeingia kwenye mstari.